Malipo Yanayokwama Njiani: Kufuli Mbili Mlangoni pa Mfanyabiashara Mdogo wa Mashariki



Katika makanisa yetu ya Kivu ya Kaskazini na Kivu ya Kusini kuna lalamiko linalorudi kila juma: fedha imetumwa, lakini haijafika. Anayelalamika pengine ni katibu wa ushirika wa kahawa wa Idjwi au Kalehe, ambaye magunia yake yameshaondoka na sasa anamngoja mnunuzi wa Ulaya. Pengine ni mama wa Butembo anayeagiza vitenge na vyombo kutoka Dubai au Guangzhou, na muuzaji wa huko amemjibu kwamba malipo yake yamerudishwa. Pengine ni mweka hazina wa kituo cha afya cha kanisa anayetaka kulipia dawa Nairobi. Hao si matajiri. Ni watu wanaoajiri vijana watano au kumi, wanaolipia watoto shule na kuleta zaka yao mbele za Mungu. Fedha yao ikikwama, nyumba nyingi hukwama pamoja nao.

Kwa maoni yetu, mlango huu umefungwa kwa kufuli mbili. Ya kwanza ni vita, na kila mtu anaiona. Ya pili ilikuwako kabla ya vita vya sasa: ni hofu ya benki za mbali juu ya kila fedha inayotoka au kuingia Kongo. Wengi wetu tunaitazama ya kwanza tu, tukidhani kwamba siku benki za Goma na Bukavu zitakapofunguliwa shida itakwisha. Haitakwisha. Tena kufuli ya pili ina sehemu ambayo sisi wenyewe, makanisani na katika vyama vyetu, tunaweza kuanza kuishughulikia leo.

Kufuli ya kwanza: vita

Mwishoni mwa Januari 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa AFC/M23. Katikati ya Februari ikawa zamu ya Bukavu. Benki zilifunga milango, na watu wenye akiba zao humo wakabaki na karatasi tu. Wengi waliuliza kwa nini mwenye benki asifungue dirisha moja amhudumie mteja wake. Jibu ni kwamba benki haiwezi kuishi peke yake mjini. Inahitaji Benki Kuu iiletee noti na kuchukua zilizochakaa. Inahitaji njia salama, bima, na hakimu wa kumshitakia mdeni. Kinshasa haikubali kupeleka fedha za taifa mahali isipotawala, na hakuna benki ya biashara inayoweza kuvunja amri hiyo bila kupoteza kibali chake.

Mwezi wa Aprili 2025 CADECO, sanduku la zamani la akiba la serikali, lilifunguliwa tena Goma chini ya watawala wapya. Lakini sanduku lililotengwa na Benki Kuu haliwezi kupokea malipo ya kahawa kutoka Hamburg.

Watu wakageukia simu. M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zimekuwa benki ya mwalimu, ya muuza samaki na hata ya tajiri. Tunamshukuru Mungu kwa msaada huo, maana bila simu njaa ingekuwa kubwa zaidi. Lakini salio la simu si noti. Ajenti anayekupa noti lazima naye azipate mahali, na zikiadimika hudai nyongeza juu ya ada ya kawaida. Tena simu ina kikomo: inafaa kumtumia mtoto ada ya shule, haifai kulipia kontena. Ndiyo sababu wengine huvuka mpaka hadi Gisenyi kutafuta benki, na wengine husafiri hadi Beni au Butembo. Nauli, siku za kazi zilizopotea na hatari ya kubeba fedha njiani, yote huingia katika bei ya bidhaa. Mwisho mama anayenunua sabuni sokoni ndiye anayelipa.

Kufuli ya pili: hofu ya benki za mbali

Sasa tuangalie Beni, Butembo, Bunia au Kisangani, ambako Benki Kuu ya Kinshasa bado ina mkono. Je, huko malipo ya nje hupita bila shida? Muulizeni mfanyabiashara yeyote wa huko. Atawaambia kwamba kungoja ni kawaida yake tangu zamani.

Tueleze jinsi fedha inavyosafiri. Benki ya Butembo haina sanduku lake New York. Ina makao makuu Kinshasa, na makao hayo yana akaunti katika benki kubwa ya nje, ambayo watu wa kazi hiyo huiita korespondanti. Malipo ya dola karibu yote hupitia Marekani, na ya euro hupitia Ulaya. Mtandao uitwao SWIFT, wenye makao Ubelgiji, hubeba ujumbe tu, kama barua inayosema nani amlipe nani. Fedha yenyewe huhama katika vitabu vya benki. Kwa hiyo malipo ya mnunuzi wa Hamburg hupita katika benki yake, kisha korespondanti moja au mbili, kisha Kinshasa, ndipo yafike tawini. Kila mmoja katika mnyororo huo anaweza kuyasimamisha na kuuliza maswali, na kila mmoja anaweza kukata ada yake.

Hofu ilitoka wapi? Mwaka 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.9 kwa sababu ya uzembe wake katika kuzuia fedha chafu. Mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilitozwa karibu dola bilioni 9 kwa kupitisha malipo ya nchi zilizowekewa vikwazo, Sudan ikiwa mojawapo. Tangu hapo wakubwa wa benki walipiga hesabu nyepesi: faida ya malipo madogo ya nchi maskini ni kidogo, na adhabu ikitokea ni kubwa mno. Benki nyingi zikaona afadhali kuwaacha wateja wa namna hiyo kuliko kuwakagua mmoja mmoja. Kati ya mwaka 2011 na 2018 idadi ya korespondanti duniani ilipungua kwa karibu moja ya tano.

Kwa nchi yetu kuna mambo matatu yanayoongeza uzito.

La kwanza ni orodha ya GAFI, chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha chafu. Oktoba 2022 GAFI iliiweka Kongo, siku moja na Tanzania na Msumbiji, katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, ambayo watu huiita orodha ya kijivu. Mwanzoni mwa 2023 Umoja wa Ulaya nao ukaitia Kongo katika orodha yake ya nchi zenye hatari, na benki za Ulaya zikalazimika kukagua zaidi. Nchi yetu ilitoa sheria mpya namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022 juu ya fedha chafu na ufadhili wa ugaidi. Hiyo ni hatua njema. Lakini GAFI haitazami karatasi peke yake. Inataka kuona ukaguzi unafanyika, kesi zinafika mahakamani, na CENAREF, ofisi ya taifa inayochunguza fedha zenye mashaka, inafanya kazi kwa nguvu. Uganda ilitoka katika orodha hiyo Februari 2024. Tanzania ilitoka Juni 2025. Oktoba 2025 zikatoka Msumbiji, Nigeria, Afrika Kusini na Burkina Faso. Wenzetu wawili tulioingia nao siku moja wameshatoka, na sisi tukabaki.

La pili ni vikwazo. Umoja wa Mataifa una orodha ya watu na makundi ya Kongo tangu mwaka 2005. M23 iliingizwa humo mwishoni mwa 2012, na AFC iliwekewa vikwazo na Marekani Julai 2024. Basi benki ya nje ikiona neno Goma katika anwani, hujiuliza: je, sehemu ya fedha hii haitaishia katika ushuru wa kundi lililo katika orodha? Mfanyabiashara wa Goma hana uchaguzi juu ya nani anatoza ushuru barabarani. Lakini benki ya mbali haioni barabara. Inaona jina la mji.

La tatu ni dola yenyewe. Sehemu kubwa sana ya akiba katika benki za Kongo ni dola, si franka. Kwa hiyo hata biashara yetu ya kila siku imeegemea mlango wa New York, na mlango huo ukibanwa kidogo sisi huhisi mara moja.

Nani anaadhibiwa?

Hatusemi kwamba kanuni hizi ni mbaya. Damu iliyomwagika katika milima yetu ilifadhiliwa na fedha, na fedha hiyo ilipita mahali. Anayetaka amani lazima atake fedha ya vita ifungiwe njia. Makanisa yetu yamezika watu wengi mno kuweza kusema vingine.

Lakini tuangalie ni nani hasa anayekamatwa na wavu huu. Kilo moja ya dhahabu huingia mfukoni, na katika nusu ya pili ya 2025 bei yake ilizidi dola 100,000. Haihitaji SWIFT. Inavuka mpaka usiku na kuuzwa taslimu. Kahawa ya thamani hiyo hiyo ni tani nyingi. Inahitaji lori, mkataba, hati za ubora, bandari, na benki ya kupokea malipo. Kwa maneno mengine, anayepita mlangoni ndiye anayepekuliwa, na anayepita dirishani haulizwi kitu.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ushirika umekopa dola 20,000 kununua kahawa kwa wakulima, kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Malipo ya mnunuzi yakikwama miezi mitatu, riba peke yake ni dola 1,200. Hiyo ndiyo ingekuwa malipo ya pili ambayo wakulima waliahidiwa. Mkulima hajui korespondanti ni nani. Anajua tu kwamba viongozi wa ushirika, ambao pengine ni wazee wa kanisa lake, hawakutimiza neno. Msimu unaofuata anamuuzia mtu mwenye mtumbwi, anayelipa taslimu papo hapo hata kama ni kwa bei ya chini. Wazee wa kando ya Ziwa Kivu wanakumbuka miaka ambayo kahawa ilivushwa hivyo kwa magendo, na wako waliozama pamoja na magunia yao. Vyama vya ushirika vilijengwa kwa jasho ili kumaliza mtindo huo. Malipo halali yakichelewa, mtumbwi hurudi. Kanuni iliyokusudiwa kuzuia magendo huishia kuyalisha.

Njia za pembeni na gharama zake

Watu wetu hawakukaa wakilia. Kuna njia nne zinazotumika, na ni vema kuzipima kwa uaminifu.

Ya kwanza ni ya neno. Mtu anamkabidhi mfanyabiashara wa Butembo dola, na mwenzake aliye Dubai anamlipa muuzaji wa huko. Njia hii imejenga biashara nyingi, kwa sababu watu wanajuana na wengine wanasali pamoja. Lakini haina karatasi. Mmoja akifa, akiuawa njiani au akifilisika, mjane hana la kuonyesha mbele ya hakimu. Na fedha ya mwaminifu huchanganyika na ya mwingine ambaye hatujui ameipata wapi.

Ya pili ni kubeba taslimu. Kila mtu anajua hatari ya barabara zetu, na wanaojua zaidi ni familia zilizopoteza baba au kaka kwa sababu ya mfuko mmoja.

Ya tatu ni kufungua akaunti nchi jirani, Rwanda, Uganda au Kenya. Ikifanywa kwa jina la kampuni na kwa hati halali, si kosa, na kwa wengine ndiyo njia iliyobaki. Lakini inataka safari, hati za ziada na mtu wa kuifuatilia. Tena benki ya huko nayo itauliza kwa nini kampuni ya Kongo inapokea fedha zake huko. Mwenye jibu lililoandikwa atapita. Asiye nalo atafungiwa siku asiyotarajia.

Ya nne ndiyo inayotutia hofu kuliko zote: kuazima akaunti. Mtu anaomba fedha zake zipitie katika akaunti ya rafiki, ya shirika dogo, au ya parokia. Mchungaji anaona ni huruma tu. Lakini mbele ya benki, fedha iliyoingia katika akaunti ya kanisa ni fedha ya kanisa. Ikionekana baadaye kuwa na asili mbaya, inayofungwa ni akaunti ya kanisa, na pamoja nayo mishahara ya wauguzi na ada za yatima. Mashemasi na waweka hazina, tunawaomba: akaunti ya kanisa isiazimwe, hata kwa ndugu wa damu, hata kwa siku moja.

Mtume aliyepeleka fedha mbali

Wengine hudhani mambo ya benki si ya madhabahuni. Tusome tena habari ya mchango wa Yerusalemu. Makanisa ya Makedonia na Akaya yalikusanya fedha kwa ajili ya watakatifu maskini waliokuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Paulo angeweza kusema kwamba yeye ni mtume, watu wamwamini tu. Hakufanya hivyo. Katika 1 Wakorintho 16 anataka makanisa yenyewe yachague watu wa kuipeleka, nao wapewe barua. Katika 2 Wakorintho 8 anatuma pamoja na Tito ndugu aliyesifiwa na makanisa yote, na anaeleza sababu: mtu yeyote asipate neno la kuwalaumu juu ya fedha nyingi hiyo, kwa maana wanajali lililo jema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia.

Hapo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kuonyesha fedha imetoka wapi na inakwenda wapi si ukosefu wa imani. Ni sehemu ya utakatifu. Pili, Paulo hakukubali hatari ya njia iwe sababu ya kuwaacha maskini wa Yerusalemu bila kitu. Hakusema kwamba safari ni ndefu, basi tuache. Alitafuta njia safi, akaipita. Neno la kwanza ni letu sisi. La pili ni la benki na serikali zinazoona afadhali kufunga mlango kuliko kukagua.

Tufanye nini?

Kwa wenye biashara na vyama. Hati zenu ziwe kamili na zifanane: RCCM, Id. Nat., nambari ya kodi na kitambulisho cha meneja. Malipo mengi hurudi kwa kosa dogo tu, jina limeandikwa kwa mpangilio mmoja katika mkataba na kwa mwingine benki. Chagueni mpangilio mmoja wa jina, postnom na prénom, mwutumie kila mahali. Kabla mnunuzi hajatuma, mpeni benki mkataba na ankara. Sababu ya malipo iandikwe wazi, kwa mfano malipo ya kahawa, ankara nambari fulani, si neno "msaada" au "familia". Kubalianeni mapema nani atalipa ada za njiani: mtumaji, mpokeaji, au kila mmoja upande wake. Malipo yakichelewa, mwombeni mnunuzi nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo hayo. Kwa nakala hiyo benki inaweza kufuatilia fedha imesimama wapi. Na mnunuzi wa Ulaya akikubali kulipa kwa euro, fedha haitalazimika kupita New York.

Kwa parokia. Katika kila parokia yuko mhasibu, mwalimu wa hesabu au mstaafu wa benki. Apewe nafasi Jumamosi moja kwa mwezi awasaidie akina mama na vijana kuweka daftari la mapato na matumizi. Daftari lililoandikwa kwa mkono, lenye tarehe na sahihi, lina nguvu kuliko maelezo ya mdomo. Tuwatazame pia viongozi wa ushirika kwa haki. Malipo yakikwama, waoneshe wanachama karatasi za benki hadharani, ili mkulima ajue fedha haikuliwa.

Kwa makanisa dada ya Ujerumani, Sweden, Norway na kwingineko. Tuwaombe si sala na michango peke yake. Wao ni wateja wa benki za kwao, na sauti yao husikika kule. GAFI yenyewe imesema mara nyingi kwamba kuwa katika orodha ya kijivu si sababu ya kukata uhusiano na nchi nzima, bali kila mteja apimwe kwa hali yake. Waulize benki zao kama zinafanya hivyo. Na wale wanaonunua kahawa yetu walipe sehemu mapema, kabla ya mavuno, ili ushirika usibebe riba peke yake.

Kwa wenye mamlaka. Kwa Kinshasa tunasema: kazi iliyobaki ya kututoa katika orodha ya GAFI si jambo la wataalamu peke yao. Kila mwezi unaopita, ni mkulima wa Lubero na mshonaji wa Bunia wanaolipa. Kwa wote wanaoketi katika mazungumzo ya amani, wa pande zote, tunasema: akiba ya mjane wa Goma au Bukavu si silaha ya vita. Tafuteni njia ya wananchi kupata fedha zao wenyewe, hata kabla hamjakubaliana juu ya mengine yote. Torati ilikataza mtu kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mwenzake. Kwa mfanyabiashara mdogo, akaunti yake ndiyo jiwe lake la kusagia.

Kufuli ya kwanza hatuna ufunguo wake, ila tunaomba na kusema kweli mbele ya wenye nao. Kufuli ya pili ina funguo kadhaa, na mmoja uko katika daftari zetu, katika sahihi zetu, katika kukataa kuazima jina la kanisa. Tusiungoje ule wa kwanza ndipo tuutumie huu. Siku mlango utakapofunguliwa, watakaopita mbele ni wale ambao karatasi zao ziko tayari.

Bwana awape nguvu ninyi mnaofanya kazi kwa mikono yenu, na awarudishie haki yenu iliyokwama.